Kamba, Kijiko na Mfuko wa Kaya

Maneno haya yalitolewa Mtwara mbele ya madiwani, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wauza chakula.

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, viongozi wa AMCOS, wahudumu wa afya, na mama lishe mliofunika masufuria yenu asubuhi hii mkaja kutusikiliza: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Tunawashukuru.

Kwetu huku mtu akirudi safari na mashavu yamejaa, anapokelewa kwa "umenawiri". Akirudi amekonda, watu wanaulizana pembeni anaumwa nini. Lugha hiyo haikuzuka hivihivi. Wazee wanaikumbuka miezi ya njaa kabla ya mavuno, na miaka ya 1990 kukonda kulikuwa habari ya UKIMWI. Mwili mnene ukawa ushahidi kwamba nyumba ina chakula na mtu ana afya. Kwa hiyo hatujaja kumcheka mwenye mwili mkubwa, na atakayecheka tutamwomba atoke nje. Tumekuja kupiga hesabu ya gharama ya unene.

Tuanzie mbali kidogo. Kuna kisiwa cha Nauru, katika bahari ya Pasifiki, chenye kilomita za mraba 21 tu. Baadhi ya kata zetu ni kubwa kuliko nchi ile. Kilijitawala mwaka 1968, na miaka ya 1970 mbolea ya fosfeti iliyochimbwa katikati ya kisiwa ikawapa kipato cha mtu mmojammoja kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Ardhi ya kulima ikachimbwa, uvuvi ukaachwa, chakula kikaja kwa meli: mchele, sukari, nyama ya kopo. Kwa muda wa kizazi kimoja Nauru ikawa katika nchi zinazoongoza duniani kwa unene na kwa kisukari. Fosfeti ikaisha, fedha ikaisha, kisukari kikabaki.

Mnaona tunakokwenda. Sisi tuna korosho, tuna ufuta, tuna gesi ya Mnazi Bay. Msimu wa 2017/18 bei ya korosho mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, kila aliyekuwa na duka la jumla anajua katoni za mafuta na soda zilivyotoka. Fedha ikija kwa mkupuo, jambo la kwanza inalobadilisha ni sufuria.

Sasa takwimu zetu wenyewe. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha kwamba mwaka 2004/05 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 18. Mwaka 2010 wakawa asilimia 22, na 2015/16 asilimia 28. Uchunguzi wa mwaka 2012 wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wazima na presha kwa takriban robo yao. Wengi wa watu hao hawakuwa wanajijua.

Uzito uliozidi maana yake nini? Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu uleule. Mama wa kilo 78 mwenye sentimita 158: 78 kwa 1.58 ni 49.4, tena kwa 1.58 ni 31.2. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Hesabu hii ina kasoro moja kubwa: haioni mafuta yamekaa wapi. Kijana anayebeba magunia ghalani anaweza kupata 27 akiwa na misuli mitupu, na karani mwembamba wa mikono mwenye kitambi anaweza kupata 24 akadhani yuko salama. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara sana. Yanayotuumiza ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini. Hayo yanaachia mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, ini linajaa, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, inakuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyofunguliwa. Kongosho linaongeza insulini, miaka inapita, linachoka. Hapo ndipo sukari inapanda.

Kwa sababu hiyo tunapenda kamba kuliko mizani. Mizani inaharibika, betri inaisha, na kijiji kina moja au hakina. Kamba iko kila nyumba. Pima urefu wako kwa kamba isiyovutika, kuanzia kisigino hadi utosini, ukiwa umeegemea ukuta bila viatu. Kata. Ikunje kamba katikati sawasawa, ibaki nusu. Izungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijavuka nusu ya urefu wako. Zisipokutana, kimevuka, na hapo unapaswa kwenda kupimwa presha na sukari hata kama hujisikii kuumwa popote. Kipimo hiki hakihitaji kusoma wala kuandika.

Makosa yake nayo tuyaseme, maana tunayaona kila mara. Wanaume hupima pale suruali inapokaa, chini ya kitambi, wakatangaza ushindi. Kiuno kinachopimwa kiko katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga. Vitafute kwa vidole viwili pembeni mwa mwili. Akina mama hupimwa juu ya fundo la kanga, fundo lile peke yake linaongeza sentimita kadhaa. Wengine huvuta tumbo ndani. Toa pumzi kama kawaida, usijibane, kamba iwe sambamba na sakafu, iguse ngozi bila kuikata. Mjamzito hapimwi kiuno.

Ukitumia futi ya fundi cherehani, Shirika la Afya Duniani linasema hatari inaanza kuongezeka mwanaume akivuka sentimita 94 na mwanamke akivuka 80, na inakuwa kubwa kuanzia 102 kwa mwanaume na 88 kwa mwanamke.

Magonjwa yenyewe hatutayakalia sana, mnayajua kwa majina: kisukari, presha, kiharusi, moyo, figo. Ongezeni saratani, mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani walithibitisha aina 13 zinazohusiana na mafuta mengi mwilini, ikiwemo ya titi kwa waliokoma hedhi, ya mji wa mimba na ya utumbo mpana. Ongezeni kisukari cha mimba na ugumu wa kushika mimba. Lakini kwa mkoa wa korosho kuna moja ambalo halizungumzwi, nalo ni magoti.

Korosho huokotwa chini. Mtu anainama, anachuchumaa, anasimama, anasogea hatua mbili, anainama tena, kutwa nzima, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka msimu uishe. Utafiti kwa wazee wenye ugonjwa wa magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inapunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Mwenye kilo kumi za ziada analibebesha goti lake kilo arobaini, hatua kwa hatua. Akifika miaka 45 haokoti tena. Anaajiri vibarua au anaacha korosho zilale mpaka mvua izikute na daraja lishuke. Hasara hiyo haiandikwi hospitali. Inaandikwa ghalani, na hakuna anayeiita unene.

Na hapo ndipo penye uzito wa hoja yetu leo. Gharama hii haionekani kwa sababu imegawanyika kwenye madaftari mengi. Daftari la kaya lina dawa za kila mwezi, nauli ya kutoka Msimbati au Nanyamba kwenda hospitali ya mkoa ya Ligula na kurudi, siku ya kazi ya mgonjwa na siku ya kazi ya anayemsindikiza. Kiharusi kikiingia, kuna mtu mmoja mzima wa familia, mara nyingi binti, anayeacha kazi au masomo ili amgeuze, amlishe na amwogeshe mgonjwa. Figo zikifa, kusafishwa damu ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, maisha yote yaliyobaki au mpaka apandikizwe figo. Hata tukiiacha bei kando, hebu fikirini mkulima wa Tandahimba atakavyofanya safari tatu kila wiki. Atahamia mjini. Shamba litakodishwa, kisha litauzwa.

Daftari la pili ni la bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipangiwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mfuko wa namna hiyo unaweza kutibu malaria na kuhara kwa sababu malaria inakuja na kuondoka. Presha na kisukari vikishaingia havitoki. Ni dawa za kila siku kwa miaka ishirini, thelathini. Tukiingia katika bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, tukiwa na watu wazima wengi wa namna hiyo, mchango utapanda au huduma zitakatwa. Hakuna njia ya tatu.

Daftari la tatu ni la taifa. Mwaka 2019 shirika la OECD, linalokusanya nchi tajiri, lilikokotoa kwamba uzito uliozidi utapunguza pato la nchi hizo kwa asilimia 3.3 kwa wastani, na kula asilimia 8.4 ya bajeti zao za afya. Shirikisho la Unene Duniani nalo mwaka 2023 lilikadiria hasara ya dunia nzima kufika dola trilioni 4.32 kwa mwaka ifikapo 2035, karibu asilimia 3 ya pato la dunia. Nchi tajiri zina viwanda vya dawa. Sisi tunaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula na ya ngano kutoka nje, tukishanenepa tunaagiza insulini na vifaa vya kusafishia damu kutoka hukohuko nje. Fedha za kigeni zinatoka mara mbili kwa andazi lilelile.

Sasa turudi kwenye sufuria, maana huko ndiko kuna kazi.

Gramu moja ya wanga au sukari ina nguvu ya kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni karibu kilokalori 120. Familia ya watu wazima watano inayomaliza lita moja kwa siku nne inampa kila mmoja mililita 50 kwa siku, kilokalori zaidi ya 400, kabla hujahesabu ugali wala wali. Lita hiyohiyo ikidumu siku kumi, kila mtu anapata mililita 20, kama kilokalori 165. Kwa hiyo ushauri wetu kwa nyumba hauanzi na orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Siku ya kununua mafuta, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Yakiisha, hesabu siku. Ukinunua ya kupima, ya robo na nusu robo, ndiyo mtego wenyewe: hujui mwezi umetumia kiasi gani, na kila robo inaonekana ndogo. Na ukipika kwa tui, chupa ya mafuta isiguswe. Tui zito lina karibu gramu 24 za mafuta katika kila mililita 100. Wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachori pembeni ni mafuta mara tatu kwenye sahani moja.

Chai: vijiko vinne, vikombe vitatu kwa siku. Kwa kijiko cha gramu 5 hiyo ni gramu 60, kilokalori 240, na kwa mwezi kilo 1.8 kwa mtu mmoja. Zidisheni kwa watu wa nyumba na kwa bei ya dukani kwenu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Soda ya kola ya mililita 350 ina kama gramu 37, imeshavuka ile 25 peke yake. Kupunguza, shusha kijiko kimoja kila wiki mbili. Ukishusha vyote siku moja ulimi utagoma, na wiki ijayo utarudi palepale.

Kuna hesabu moja watu huishangaa. Kila kilokalori 24 za ziada kwa siku, ikiwa hujaongeza mwendo wala hujapunguza kingine, mwishowe ni kilo moja mwilini: nusu yake mwaka wa kwanza, karibu yote ifikapo mwaka wa tatu. Kijiko kimoja cha sukari ni kilokalori 20. Chapati ya gramu 70 za unga na kijiko cha mafuta ni kama 370. Moja ya ziada kila siku inaelekea kilo 15. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba hali sana. Ni kweli hali sana. Anakula kidogo tu zaidi, kila siku, na pikipiki imechukua nafasi ya miguu yake.

Mama lishe, hapa tunasema nanyi. Andazi au muhogo unaotumbukizwa kwenye mafuta ambayo hayajachemka vizuri unakunywa mafuta kama sponji, na mafuta hayo ni yenu, mnayapoteza. Tumbukiza kipande kidogo cha kinyunga: kikizama na kubaki chini, subiri, kikipanda baada ya sekunde chache kikitoa mapovu, anza, mafuta yakitoa moshi, yamepita, punguza moto. Usijaze karai, kwa sababu vingi kwa mara moja vinapoza mafuta. Vikitoka, viweke kwenye kichujio, si kwenye ndoo vikalale juu ya mafuta yao. Toeni sukari mezani muipeleke kaunta. Anayetaka zaidi ataomba, na wengi hawaombi. Na uzeni vya kuchemsha. Ming'oko, vile viazi vya porini, inachemshwa, inauzwa, watu wanaipenda. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini zaidi ya gramu 20 na nyuzinyuzi kama 15. Mtu akila mbaazi za asubuhi hatafuti chapati saa nne.

Watatuuliza kuhusu korosho. Konzi ndogo, gramu 30, ni kama kilokalori 165, ndani yake kuna mafuta mazuri na protini. Ikichukua nafasi ya andazi ni faida. Ikifuata baada ya andazi ni mzigo. Inachekesha kwamba mkoa unaoilima ndio unaoiuza yote na kununua biskuti.

Jambo la tahadhari sana. Haya ya kupunguza mafuta hayamhusu mtoto mdogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mama mnene na mtoto aliyedumaa mara nyingi wanalala nyumba moja, wanakula chungu kimoja. Si kitendawili. Chungu kimejaa wanga na mafuta, hakina samaki, mayai, kunde wala mboga za kutosha. Mkubwa ananenepa, mdogo hakui. Na mtoto aliyepungukiwa tumboni na miaka miwili ya mwanzo, akija kupata chakula tele ukubwani, huweka mafuta tumboni kwa urahisi zaidi. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha uji mzito wenye karanga au korosho zilizosagwa na kijiko cha mafuta: huyo asinyimwe.

Wanaotaka kupungua: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5.6. Si lazima urudi mwili wa ujana. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi nyingi ni za kuharisha. Unapoteza maji, mizani inashuka, kesho inapanda. Kushinda njaa mchana halafu kula sahani mbili saa tatu usiku nako hakusaidii.

Waheshimiwa madiwani, tuna maombi machache. Kwanza, mikanda mikubwa ya mashine za presha kwenye zahanati. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wa sentimita 27 hadi 34. Mkono wa sentimita 38 ukibanwa kwa mkanda huo, presha inasoma juu kuliko ilivyo, mtu anaanzishiwa dawa asizohitaji, dawa zinaisha kwa wanaozihitaji. Ni kifaa cha bei ndogo, na tofauti yake ni kubwa. Pili, upimaji wa kamba na presha uwekwe siku za minada na za malipo ya korosho, watu wanapokuwa wamekusanyika. Tatu, soda na vinywaji vya rangi visiuzwe ndani ya uzio wa shule, maji yawepo. Nne, mnatenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Itoke kwa wakati, maana ndiyo kinga ya unene wa mwaka 2050.

Kodi ya vinywaji vyenye sukari haiko mikononi mwenu, lakini mnao wabunge. Mexico ilianza mwaka 2014 kwa peso moja kwa lita, manunuzi yakashuka kwa wastani wa asilimia 6 mwaka wa kwanza. Afrika Kusini ilianza 2018 kwa kutoza kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100, na viwanda vikapunguza sukari ndani ya chupa vyenyewe. Sisi tunaona njia ya pili ni bora.

Sasa tusimame. Kamba ziko kwenye meza mbili, wanaume kulia, akina mama kushoto nyuma ya pazia. Aliyekula sasa hivi, aliyevuta sigara au kunywa kahawa asubiri nusu saa kabla ya presha. Kaeni dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi tutapima tena mara ya pili, na atakayebaki juu ataandikiwa karatasi ya kwenda zahanati ya kwake ndani ya wiki hii. Wajawazito watapimwa presha tu. Mheshimiwa mwenyekiti, tuanze na wewe.